Niligawa Jezi, Shangazi Akazibua Mfereji Wangu

Nimekosa, na sitafuti wa kumsingizia. Lakini mjue kwanza kwamba mimi si mtu wa kushindwa.

Niliporudi milimani kutoka Dar, upande huu wa Vudee, wenye midomo walisema sitaweza. "Huyo na diploma yake atauza chipsi miezi miwili, arudi zake mjini." Nikafungua mtambo wa kuosha, kukausha na kusaga tangawizi. Leo unga wangu unauzwa Same mjini hadi Moshi. Wao wako palepale wanapiga soga.

Dharau yangu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Tangawizi huoshwa kwa maji mengi, na maji yetu hutoka kwenye ndiva, bwawa walilochimba mababu, na kushuka kwa mfereji. Kila nyumba ina kipande chake cha kusafisha, na siku ya msaragambo kijiji kizima hutoka na majembe. Mimi nilitumia maji kuliko wote, wala sikutokea hata mara moja. Msomi mzima nizoe tope na watu wa kandambili?

Badala yake nikainunulia timu ya vijana jezi zenye jina la biashara yangu kifuani. Nikapiga picha, nikarusha mtandaoni, nikajiona mfadhili.

Mzee Eliamini, msimamizi wa maji, akanifuata.

"Shikamoo mzee. Umeziona jezi?"

"Marahaba. Nimeziona. Zinajua kuzibua mfereji?"

Nikamcheka. Mbona kipande changu kilikuwa safi kila mara? Nikadhani wananiogopa, wananisafishia. Ujinga wa msomi hauna dawa.

Masika iliyopita kipande hicho kikajaa tope na maganda ya tangawizi yangu. Mvua ilipopiga, maji yaliruka ukingo yakashuka moja kwa moja kwa shangazi Nakijwa, mjane aliyenilea. Maharage yaliyokaribia kuvunwa yakaenda pamoja na udongo wake. Jiko na ukuta wa nyumba vikaanguka.

Nilimkuta Mzee Eliamini pale, nikamfokea: "Kwa nini safari hii hamkusafisha?"

"Nani akusafishie? Shangazi yako alikuwa anafanya zamu yake, halafu yako. Akatuomba tusikuseme. Safari hii goti limemlaza."

Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nikamwambia nitamjengea upya.

"Nilidhani nakufichia aibu," akasema. "Kumbe nilikuwa nakulea vibaya."

Kijiji kikanifungia maji. Mtambo ukasimama, wafanyakazi wakarudi kwao. Nikatakiwa kulipa kila zamu niliyokwepa, kwa mikono yangu, si kwa vibarua. Nililipa, tope hadi magotini, na vijana wale wa timu wakipita: "Meneja, leo umepotea njia ya ofisini?"

Siku niliyomaliza, Mzee Eliamini alinifungulia maji, akatangaza mbele ya wote kwamba sidaiwi. Shangazi hakuwepo kusikia. Alishahamia kwa binti yake, kule Kifaru, na nyumba niliyomjengea hajaikanyaga.

Basi wewe mwenye duka au mashine kijijini, unayegawa kofia na kujiita mfadhili, sikusifu hata kidogo. Kaulize kwanza ni nani anayefanya zamu yako.