Picha ya Rosmaini

Rosmaini wa Palembang alikuwa mjane aliyekaanga pempek, vitafunio vya samaki ambavyo mtaa mzima ulifungulia kinywa. Siku moja mvua ilimkuta sokoni, Syukri muuza samaki akampakia kwenye pikipiki mpaka nyumbani. Mtu akawapiga picha. Kufika adhuhuri ilikuwa Fesibuku, kwenye ukurasa uitwao Nuru ya Wake Wema: "Mjane huyu hachukui samaki tu, hulala na muuzaji pia."

Chini yake ni vicheko vitupu. Rosmaini aliyajua majina: wanawake wa darsa lake la Ijumaa, waliokaa naye goti kwa goti wakisoma Yasini. Mmoja aliandika, "Msile vyake, mtaambukizwa."

Rosmaini akaenda polisi.

"Kosa hili hatulifungulii kesi mpaka mwenyewe ulalamike," afisa alimwambia. "Na ukitaka kuiondoa, unaiondoa."

Akalalamika. Polisi walipoufuatilia ukurasa, walikuta unaendeshwa kwa simu ya Herlina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwongoza dua wa darsa.

Herlina akaja na keki, ustadhi nyuma yake.

"Dada Ros, ulikuwa utani jamani! Nisamehe, tuyamalize."

Rosmaini hakuigusa keki. "Ustadhi, anayemsingizia mwanamke zinaa bila mashahidi wanne, sheria inasemaje?"

Ustadhi akakohoa. "Viboko themanini, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Lakini hapa kwetu hatupigi, mama. Kusamehe ni bora."

"Mbona ubora huo nahubiriwa mimi? Akaungame darsani, mbele ya wote waliocheka. Na kesi siiondoi."

Ijumaa Herlina alisimama akakiri, kamasi zikimtoka. Rosmaini alidhani moyo ungetulia. Ndipo akaona simu zinachungulia chini ya mitandio, zinarekodi.

"Zimeni hizo! Juzi mmenitafuna mimi, leo yeye. Hamkinai?"

"Ah, si umetaka mwenyewe?" mmoja akamjibu, simu hakuishusha.

Kabla ya magharibi video ilishasambaa, na waliocheka ni walewale.

Korti ilimpa Herlina kifungo cha nje. Rosmaini hakumsamehe, wala darsani hakurudi tena. Wale wanawake walirudi kununua pempek, wakimwita dada kwa sauti za asali, na kila alipowasikia mlangoni aliwauzia dirishani, mlango akiuacha umefungwa.