Sahani Thelathini na Moja

Miaka kumi na tisa Mzee Mwiko alikuwa mpishi wa gereza. Alikuwa mkali jikoni, tena mbishi wa kupindukia, lakini chakula chake hakikumwagwa. Jina la Mwiko alipewa na wafungwa, maana mwiko wake wa kupikia hakuuachia hata akisalimiana na watu.

Asubuhi hiyo wakaguzi wa kamati ya kimataifa ya haki za binadamu walifika bila taarifa, wakasimamishwa getini nusu saa. Serikali yenyewe ilikuwa imetia saini kwamba wanaweza kuingia gereza lolote, chumba chochote, na kuandika jina la kila aliyefungwa. Mkuu wa gereza aliwazungusha akichekacheka. Jikoni, kiongozi wao, mama mmoja wa miwani, hata hakutazama masufuria. Alihesabu sahani za bati zilizokuwa zikichuruzika maji.

"Daftari linasema wafungwa themanini," alisema. "Hizi ni mia moja na kumi na moja."

"Mpishi wangu huyu, mama, mkono wake hauna kipimo," mkuu akadakia. "Anapakua hadi sahani za ziada, tunamwaga. Au siyo, Mzee?"

Hapo Mzee Mwiko akajua anachotakiwa kusema. Kila siku alipeleka sahani thelathini na moja nyuma ya bohari, akazisukuma kwenye upenyo chini ya mlango wa chuma. Wa ndani hakuwahi kuwaona zaidi ya vidole. Hawamo kwenye daftari lolote. Mtu wa namna hiyo akipotea, nani atamwulizia? Lakini nyumba anayolala na mkewe na wajukuu ni ya gereza, na mkuu alikuwa amemkazia macho. Aliogopa, tusimpambe. Akashika meza.

"Sijamwaga chakula hata siku moja, mama. Thelathini na moja huenda nyuma ya bohari."

"Mzee amechanganyikiwa," mkuu akasema. "Huko kuna saruji tu."

"Basi tukaione hiyo saruji."

Ufunguo ulitafutwa robo saa nzima. Mama wa miwani aliambiwa akapumzike ofisini. Akaketi sakafuni mbele ya mlango. Ulipofunguliwa, watu walitoka mmoja mmoja wakikinga macho kwa viganja, naye akamwuliza kila mmoja jina lake, la baba yake, na siku aliyokamatwa. Wa mwisho alimshika Mzee Mwiko mkono, asiuachie.

"Thelathini," mama alisema, akifunika kalamu.

"Bado mmoja," akasema mpishi. "Leo nimeleta thelathini na moja, na zote zimerudi tupu."

"Wamemtoa mlipokuwa getini," akasema yule wa mwisho. "Wamempitisha mlango wa nyuma."

Mama akaifunua kalamu tena.

"Anaitwa nani?"

Wakajibu wote thelathini kwa pamoja.