Nilivyokwenda Mibirizi Kumvua Faustin Ushefu

Nilifunga safari hii kwa sababu ya kiti kimoja. Binti yangu Clémence alikuwa amepata mchumba, na siku ya kuleta ng'ombe ilikuwa imekaribia. Kwetu, siku hiyo mzee mmoja wa upande wa msichana ndiye anakaa mbele, anasikiliza ukoo wake ukisifiwa, kisha anapokea ng'ombe. Nilidhani ni mimi, baba. Familia ikakutana hapa Kamembe, upande wa Rwanda, ikasema hapana, atakaa Faustin, kwa sababu yeye ni mjukuu wa shefu.

Faustin ni ndugu yangu. Babu yake na babu yangu walikuwa wa tumbo moja. Tangu tuko watoto Bukavu, ng'ambo ya Kongo, tuliambiwa kwamba babu yake Simoni, yule mkubwa, alikuwa sushefu, yaani chifu mdogo, wakati wa Wabelgiji, na babu yangu Andrea, yule mdogo, alikuwa mbebaji wa kipoyi, kile kiti cha miti ambacho wanaume wanne walikitia mabegani na mkubwa amekaa ndani. Ushahidi ni picha. Mtu mrefu, nguo nyeupe mpaka kwenye vifundo, fimbo mkononi, pembeni yake Mzungu mwenye kofia. Kwa hiyo kila sikukuu wao walikaa kwenye viti, sisi tukapitisha bia.

Sitaficha, nilimwonea wivu Faustin maisha yangu yote. Nilimwonea wivu kwa viatu vyake, kwa sauti yake, hata kwa namna marehemu mke wangu alivyokuwa anacheka Faustin akifungua mdomo. Na kuna lingine, ambalo si wivu. Vita ilipoingia Bukavu na watu wa asili yetu wakaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba, Faustin alikuwa na kamioneti. Alipakia magodoro, alipakia makochi, alipakia ile picha imefungwa kwenye blanketi. Mama yangu alisimama kwenye ua na kifurushi chake. Faustin akasema gari imejaa. Siku ya tatu Cishugi, jirani yetu wa Nguba aliyekula kwetu miaka, aliwaonyesha wenye bunduki mlango. Mimi nilikuwa ndani ya migomba, nikasikia mama akiuawa. Majina ni hayo mawili, Cishugi na Faustin, nami sitayapunguza.

Jumatatu asubuhi nilipanda gari la magunia matupu lililokuwa linaenda Bugarama kuchukua mchele. Nilitaka kushuka njiani, nipande Mibirizi, misioni walikobatizwa babu zetu, lakini nilimwambia Clémence naenda kuangalia shamba. Dereva alitaka stori.

"Mzee, unaenda Mibirizi kwa hospitali?"

"Naenda kutafuta babu yangu."

"Iko mugonjwa?"

"Alikufa zamani."

"Ah! Basi huyo hakimbiye, tuende polepole."

Niliteremka kwenye njia panda nikashika kijia cha mlimani. Watu walikuwa wanapalilia maharage. Waliniamkia kwa Kinyarwanda, nikajibu, na kwa jibu langu tu wakajua nimekulia ng'ambo. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu ni Mukongomani." Kule ng'ambo tuliitwa Wanyarwanda, tukauawa kwa jina hilo. Huku nimerudi kwetu, nimekuwa Mkongomani.

Saa tano nilifika misioni. Karani wa parokia, kijana mwenye sweta la kijani, aliniuliza nataka hati ya nani. Nilimtajia Simoni na Andrea, wana wa Sebuhoro. Mimi shule niliacha darasa la nne, Kifaransa kinanipita mbali, kwa hiyo nilimwomba anisomee. Alifungua vitabu vitatu vya ubatizo, vikubwa kama meza, karatasi imekuwa rangi ya chai, hawakuwamo. Katika kitabu cha nne akaweka kidole.

"Bako hapa. Balibatizwa siku moja, na baba yao wa ubatizo ni mumoja."

"Kazi yao imeandikwa?"

"Imeandikwa. Simoni, mubebaji. Andrea, mubebaji."

"Soma tena ya Simoni."

"Papa, hata nikisoma mara kumi atabeba tu."

Nilicheka mpaka karani akaogopa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikawa namwona Faustin akisikia neno hilo mbele ya wakwe. Nilifurahi kama mtu aliyeshiba. Halafu swali likanipata: kama Simoni alikuwa mbebaji, ile nguo nyeupe ilitoka wapi? Faustin angeniuliza hilo kabla sijakaa chini.

Nilirudi ndani. Karani akaniambia yupo mukecuru, bibi kizee mmoja, huko Nyakarenzo, anaitwa Venansiya, mama yake alikuwa akitunza maziwa nyumbani kwa yule sushefu wa kweli. Nililala kwa Mkristo mmoja jirani na misioni.

Jumanne nilitembea kwa miguu mpaka Nyakarenzo. Bibi Venansiya nilimkuta anaanika mtama, kichwa cheupe, macho makali. Nilimsalimia kwa mikono miwili. Alinipa kibao nikae, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema ni mjukuu wa Andrea wa kipoyi.

"Andrea murefu!" akapiga makofi. "Yule wa picha!"

"Wa picha ni Simoni, Maman."

"Nani alikuambia? Simoni alikuwa mufupi kama kinu. Sikiliza. Muzungu alikuya na mashini yake, anataka picha ya kila sushefu. Sushefu wetu aliogopa. Mulaguzi alimuambia hiyo jicho ya kioo itakausha ng'ombe zake zote. Akajificha kwa nyumba ya maziwa, chini ya vyungu, mama yangu akamufunika na mikeka. Balichukua nguo yake, bakavalisha Andrea, kwa sababu alikuwa na urefu wa bakubwa. Muzungu alipiga picha, akaandika, akaenda."

"Hakujua?"

"Muzungu alikuwa anajua kofia na fimbo. Sura alijua wapi?" Alicheka, meno mawili tu. "Sushefu alitoka amejaa siagi kichwani. Andrea hakuvua nguo mpaka jua ilipozama. Balimuvua kwa nguvu."

Nikamuuliza atanihakikishiaje. Akasema, "Angalia muguu ya kushoto. Kidole kidogo hakuna, funza ilikula."

Nikiwa mtoto Bukavu nilikuwa naosha miguu ya babu Andrea kila jioni kabla hajalala. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Sura ya ujana wake sikuijua, na Simoni sikumkuta hai. Ile picha Faustin aliitundika juu ya mlango siku zote, na sisi tuliokuwa tunapitisha bia hatukupewa nafasi ya kutazama miguu.

Jumatano mchana nilifika Kamembe, nikaenda moja kwa moja kwa Faustin. Clémence alikuwa nyuma, anapiga pasi vitambaa pamoja na mke wa Faustin. Niliingia sebuleni, nikavuta kiti, nikapanda, nikatazama mguu wa kushoto kwenye picha. Vinne.

"Papa Clémence!" Faustin alisimama kwenye mlango wa chumba. "Unapanda kiti yangu na viatu?"

"Njoo uhesabu vidole."

Hakuja. Aliketi. Nilimweleza kitabu, nikamweleza Venansiya na vyungu vya maziwa. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Nilijua. Baba alinionyesha kidole hicho kabla ya kufa."

"Ulijua ni babu yangu, ukamwita wako?"

"Tulifika hapa na nini? Batu ba hapa banatuita Bakongomani. Nilionyesha picha, bakanipa kiwanja. Na wewe uko kwa kiwanja hicho, nyumba yako iko nyuma ya yangu. Ungependa niseme mimi ni mujukuu wa mubebaji?"

"Ulimpakia babu yangu kwenye gari, Faustin. Mama yangu ukamwacha."

Alitazama mikono yake. "Picha haina kilo," akasema.

Nilishuka kwenye kiti, kwa maana nilijihisi nitamrukia. Nikamwambia ng'ombe nitapokea mimi, akikataa nitasema yote mbele ya wakwe. Clémence alikuwa amesimama kwenye pazia, pasi mkononi.

"Papa," akasema, "ukae wewe. Lakini ukisema, sema ya kipoyi. Ya Bibi, mama yako, usiseme siku yangu. Nakuomba."

Jumamosi, siku ya ng'ombe, nilikaa mbele. Msemaji wa upande wa kijana aliisifu nyumba ya shefu mpaka povu likamtoka mdomoni. Ningeweza kukaa kimya nikala sifa hizo, nazo zilikuwa tamu. Nilisimama nikasema, "Wakwe, tusianze kwa uongo. Sisi ni watu wa kipoyi." Nikaeleza vibaya, kwa kukatakata, jasho linanitoka. Mzee mmoja wa upande wao akauliza, "Alikuwa anabeba mbele ama nyuma?"

Sikujua. Hapo Faustin akasimama, akafungua kifungo cha koti. "Nyuma, mzee! Ndiye alikuwa anapigwa teke!" Akaanza kusimulia. Sushefu chini ya vyungu, siagi, Andrea anakataa kuvua nguo. Alimwigiza Mzungu, akamwigiza mlaguzi. Watu walishikana mabega kwa kucheka, wakwe wakalia machozi, mzee yule akasema familia yenye kucheka hivi ndiyo anaitaka. Jioni watu wote walikuwa wanamwita Faustin Mjukuu wa Kipoyi, na kumwekea bia.

Nilichojifunza ni hiki. Ukweli niliufuata mimi, kwa miguu, nikaurudisha nyumbani, na Faustin akaupokea mlangoni kama alivyopokea kila kitu. Wivu wangu haukupona, nadhani umenenepa. Lakini ng'ombe walipoletwa, mchungaji wao alipomaliza kuwasifu na kuuliza nani baba wa msichana, Faustin alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikajibu mimi.