Gurudumu na Nyasi za Harusi

Nakiri kwanza: wenzangu waliposhuka kusukuma basi, mimi nilibaki kitini nikilinda suruali yangu ya kanisani.

Mvua hizi zimetuchosha. Tulikwama topeni karibu na Ijumbi. Dereva akakanyaga mafuta, gurudumu likazunguka kwa kelele, basi lisisogee hata shubiri.

"Tulieni, linakuja!"

Mwalimu mmoja akamjibu huku akisukuma, "Pia ya mtoto husimama kwa kuzunguka, na dunia ikizunguka kunakucha. Hili lako likizunguka tunazama tu!"

Watu wakacheka, isipokuwa mama mmoja. Alikuwa akipeleka Kibeta, Bukoba, nyasi laini za kutandika sakafuni, maana binti yake anaolewa kesho yake. Akaushusha mzigo kutoka juu ya basi, akausukumia wote chini ya gurudumu.

"Mama, wageni watakalia nini?" dereva akauliza.

"Watakalia udongo, mwanangu. Nisipofika, binti yangu ataagwa na nani?"

Basi likatoka. Nyasi zikabaki topeni. Suruali yangu ilifika Bukoba safi, nami nikaona aibu kuitazama.

Msomaji, basi likikwama, tafadhali shuka.