Kathini Hakai

Kathini Mulwa alipokuwa na miaka saba, mwalimu wa darasa la kwanza alimfunga kwenye dawati kwa mkanda wa sare yake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa akiinuka katikati ya hesabu, anakwenda dirishani, anarudi, anakwenda tena. Haongei, hagusi kitu cha mtu. Hatua tisa kwenda, tisa kurudi, na vidole vya mkono wa kulia vinasugua kidole gumba kama mtu anayepima ulaini wa unga. Mwalimu alimkanya mara tatu, ya nne akamfunga. Kathini akatembea na dawati. Aliliburuta hadi dirishani, likikwaruza sakafu, na watoto hamsini wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kulikoni.

Kisa hicho kilisimuliwa nyumbani kwao Jericho kwa miaka mingi. Mama yake, Nzilani, alikisimulia akiinamisha kichwa. Baba yake, Mzee Mulwa, mchonga vinyago aliyezoea ubishi wa mti mgumu, alikisimulia akijipiga mapaja kwa kicheko.

Neno usonji halikuwa limefika mtaani siku hizo. Yaliyokuwepo yalikuwa mengine: ana mashetani, alirogwa, kichwa hakijakaa sawa. Vijana wa kwenye ukuta wa choo cha mtaa walimwita, "Niaje Kathini, leo umefika Mombasa?" naye akawajibu kwa uzito wote, "Bado," akaendelea na safari yake kati ya kamba ya nguo na mfereji.

Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini anatembea. Angeulizwa, angesema. Kwake dunia iliingia yote kwa pamoja: redio ya jirani, mwuza mafuta ya taa akipuliza filimbi, maji yakianguka ndooni, mtoto akilia nyumba ya tatu, kila kimoja kwa nguvu ileile, kama watu ishirini wanaogombania mlango mmoja. Akitembea, kelele zilijipanga foleni. Hatua tisa na tisa, na kila kitu kikajua zamu yake. Akikatazwa kutembea, kifua kilimjaa kama sufuria iliyofunikwa ikichemka.

Nzilani alijaribu kila lililokuwa ndani ya uwezo wa mama mwenye hofu. Alimnywesha mizizi iliyotoka Kitui, akampeleka kwenye maombi ambako wanawake wanne walimkalia magoti ili pepo atulie. Kathini alitoka huko na michubuko, na siku iliyofuata akatembea mara mbili zaidi.

Shule ilimshinda, au tuseme yeye aliishinda shule. Akiwa na miaka kumi na sita, baba yake alimpeleka soko la Kariokor kwa Kyule, mshonaji wa viatu vya ngozi. Kyule alimtazama msichana huyo akishona kamba ya kiatu, mshono ulionyooka kama reli, kisha akamwona akiinuka na kuanza kwenda na kurudi kwenye ujia wa katikati ya vibanda.

"Huwa anafanya hivyo?" Kyule akauliza.

"Kila siku," Mzee Mulwa akajibu.

"Basi sawa. Miguu ni yake. Mimi natafuta mikono."

Alishona hapo miaka kumi na zaidi. Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa themanini na tisa, Mzee Mulwa alifariki, Kathini akabaki Jericho na mama yake na mdogo wake Kavata, karani, msichana mwepesi wa kucheka aliyependwa na kila mtu. Kavata akampata Phares, kijana wa Umoja aliyefanya kazi katika ofisi za reli. Agosti ya mwaka wa tisini na nne, watu wa Phares wakatuma ujumbe kwamba wanakuja kujitambulisha.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nyumba ilinukia kitunguu na nta ya sakafu. Kathini alikuwa amevaa gauni lake la kijani. Mama yake akaja, akakaa kando yake kitandani.

"Mwanangu, leo tu. Wageni wakifika, wewe ubaki humu chumbani. Ukae kitandani, usitembee."

"Kwa nini, mwaitu?" akauliza, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

Nzilani akamtazama Kavata aliyesimama mlangoni. Kavata akasema, "Ni masaa machache tu, Kathini. Nakuomba. Watu wa Phares hawakujui."

"Hawanijui vipi? Hukuwaambia una dada?"

Kavata akachezea pindo la kitambaa chake. "Niliwaambia niko peke yangu."

Maneno yalipokuwa mazito, kwa Kathini yalichukua muda kushuka. Kabla hayajafika chini, Matheka, mdogo wa marehemu baba yake ambaye ndiye angekuwa msemaji wa ukoo, alikuwa ameshavuta mlango na kuzungusha ufunguo kwa nje.

Wageni wakaingia. Alisikia viti vikiburutwa, chupa za soda zikigongana, sala ndefu, vicheko, sufuria ikizomea jikoni. Alikaa. Na alijaribu kweli, tusimdhulumu. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi. Alihesabu maua ya pazia. Kelele zikazidi kusukumana mlangoni mwa kichwa chake, na miguu ikaanza kutetemeka bila kuulizwa. Akainuka. Chumba hakikumpa hatua tisa, kilimpa nne. Basi akatembea nne, na akala zake za tairi zikapiga sakafu ya saruji: pa, pa, pa, pa. Kimya cha kugeuka. Pa, pa, pa, pa.

Sebuleni mazungumzo yakapungua. Sauti ya mwanamke ikauliza, "Nani huyo anatembea huko ndani?" Ilikuwa ya Awiti, shangazi yake Phares, aliyemlea tangu utotoni.

Matheka akacheka kidogo. "Ah, huyo ni msichana wa kazi tu, mama. Anapanga vyombo."

Miguu ya Kathini ikasimama. Sasa yale maneno ya asubuhi yakafika chini, yakakutana na haya, na akayaelewa yote mawili kwa mara moja. Akaupiga mlango kwa kiganja.

"Baba mdogo, fungua."

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

"Fungua! Mimi si msichana wa kazi. Mimi ni Kathini wa Mulwa, kifungua mimba wa nyumba hii!"

Aliyesikika baada ya hapo ni Awiti. "Mfungulieni mtoto."

Nzilani ndiye aliyefungua. Kathini akatoka na gauni lake la kijani. Aliwasalimu wageni mmoja mmoja, wakubwa kwanza, bila kuwatazama machoni kwa sababu macho ya watu yalimchoma. Kisha akaanza kutembea, kutoka kabati la vyombo hadi mlango wa nje. Wageni wakakusanya magoti kumpisha. Matheka akarukia mkono wake.

"Usinishike," Kathini akasema. Hakupaza sauti, lakini Matheka aliachia kama aliyeshika jiko. "Nikikaa naumia. Nikitembea simuumizi mtu. Nimeambiwa leo kwamba sikuzaliwa. Nimezaliwa. Nyumba hii ina watoto wawili, na aliyekuja kuuliza habari zake na ajibiwe ukweli."

Oketch, mjomba wa Phares, mzee mwenye koti zito licha ya joto la sebule, akakohoa. "Na hali hii, binti... ni ya damu?"

"Sijui," Kathini akajibu, akigeuka kwenye kabati. "Baba yangu alitoka Wamunyu mpaka Nairobi kwa miguu mwaka wa njaa. Labda ni hiyo."

Awiti akaficha mdomo kwa kiganja. Ilikuwa vigumu kujua kama anacheka. Lakini alipoinuka hakuwa akicheka. Alimgeukia Matheka.

"Tungekula chakula chenu tukarudi nyumbani tukiamini huyu ni mtumishi. Kutembea kwake hakujanitisha. Ulimi wako ndio umenitisha. Tutarudi siku mtakayokuwa tayari kutuambia ninyi ni nani."

Wakaondoka, nyama ikiwa bado jikoni. Phares aliangalia viatu vyake mpaka langoni.

Kavata alilia kilio cha kukata tamaa. "Umeniharibia maisha! Hata siku moja hukuweza kunivumilia!"

"Wewe ulinizika nikiwa hai," Kathini akasema. "Mimi nimefukua tu."

"Muombe mdogo wako msamaha," Nzilani akamwamuru.

"Kwa lipi, mwaitu?"

Alingoja jibu kwa dhati, akitembea. Alitaka kweli kulijua hilo kosa. Hakuna aliyelitaja.

Jumatatu alipotoka kazini hakurudi Jericho. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Bi Qamar wa Majengo, Pumwani, ana chumba. Nyumba zile za zamani zina ukumbi unaopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku. Kathini hakukitazama chumba hata kidogo. Aliutembea ukumbi: hatua kumi na nane, mara mbili ya mahitaji yake.

"Mimi hutembea," akamwambia Bi Qamar. "Kila siku. Asubuhi na nikitoka kazini. Sitaacha. Kama hutaki, sema sasa."

Bi Qamar alikuwa mjane mnene, mwuza viungo, aliyeona wapangaji wa kila aina. "Una wanaume?"

"Sina."

"Una pombe?"

"Sina."

"Tembea basi, mwanangu. Ila mkeka wangu wa sala uukwepe."

Mtaa ukasema kwamba hatamaliza mwezi, eti mtu kama yeye hawezi kujipikia wala kujilinda. Alimaliza mwezi, akamaliza mwaka. Akipika maharagwe alitembea yakichemka, na hayakuungua hata siku moja. Kavata hakuja kumwona. Nzilani alikuja mara moja na unga wa mtama, akakaa kitako akimtazama binti yake akienda na kurudi ukumbini bila mtu kumgeukia, kisha akaondoka.

Watu wa Phares walirudi Jericho, safari hiyo wakaambiwa wanawali wa nyumba ni wawili. Arusi ikapangwa Desemba ya tisini na tano. Nzilani akaja tena Majengo.

"Kavata amesema uje. Lakini ibada ni ya masaa mawili, Kathini. Utakaa?"

"Nitakuja, mwaitu. Kukaa sikai."

Akaja. Alitembea kando ya ukuta wa kushoto wa kanisa, nyuma ya viti, taratibu. Wimbo wa pili ulipokwisha, mzee wa kanisa aitwaye Mutisya akamfuata, akamziba njia. "Dada, hapa ni nyumba ya Mungu. Tafuta kiti."

"Mungu ameniona nikitembea miaka ishirini na minane. Hajawahi kunipa kiti."

Mutisya akanyoosha mkono kumshika kiwiko. Hapo Nzilani akainuka kutoka kiti cha mbele, kiti cha mama wa bibi arusi, mbele ya mchungaji na ukoo mzima na watu wa Umoja. Mwanamke huyu hakuwahi kupaza sauti kanisani maisha yake yote.

"Mwache!" akasema. "Huyo ni binti yangu. Mwache atembee."

Mutisya akarudi kitini kwake. Mchungaji akatafuta kitabuni alipoachia. Kathini akaendelea.

Nje mvua ilinyesha, kwa hiyo picha zikapigiwa ndani. Mpiga picha akamwomba Kathini asimame sekunde moja tu, sekunde moja. "Piga hivyo hivyo," akamjibu. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwa Kavata, Umoja. Ukoo wote umejipanga, nyuso zimekazwa, na pembeni kabisa kuna bega la kijani, mkono mmoja na mguu ulioinuliwa, tayari unatoka. Madada hao walichukua muda mrefu kuzungumza vizuri, na hata sasa wakikutana hugombana. Lakini mgeni akiuliza ni nani huyo aliyekatika, Kavata humjibu kabla hajamaliza swali.

"Dada yangu mkubwa. Huyo hakai."