Mkono wa Mtu Katika Bia ya Ngano

Mtaani wanamwita Pua, na jina hilo halimkeri hata kidogo. Kabla ya kunywa chai anainusa. Kabla ya kuvaa shati lililotoka kufuliwa analinusa kwapani, halafu anamtazama mkewe kama mtu mwenye swali aliloamua kuliahirisha. Mgeni akimpa mkono, Pua huupeleka wake usoni polepole, kana kwamba anajikuna mdomo, na papo hapo anajua kama mgeni huyo ametoka kuvuta sigara, kumenya machungwa au kujaza petroli.

Kazi yake ni kupika bia. Si ile ya viwanda vikubwa, inayofanana kutoka mji hadi mji, bali bia za matangi madogo, kila moja na tabia yake. Anazipikia uani, nyuma ya ukumbi wenye meza za mbao, katika nyumba ya ghorofa moja ambayo mama yao aliwaachia yeye na dada yake mkubwa. Dada ndiye mpishi wa chakula. Mke wa Pua anakaa kaunta. Mimi nilipanga chumba cha juu kwa wiki kadhaa, na dirisha langu lilitazama uani, kwa hiyo nilisikia mengi kuliko nilivyolipia.

Nimekunywa bia katika miji ambayo lugha yake niliiokota mezani, neno kwa neno, lakini sijapata kuona watu wanaobishana juu ya glasi na sahani kwa moyo kama ndugu hawa wawili. Bia ya ngano, nyepesi, yenye ukungu, inayonukia ndizi mbivu na karafuu kwa mbali, walikubaliana juu yake: hiyo ni ya samaki wa kuchoma aliyekamuliwa limau, na ndiyo inayofungua jioni. Juu ya bia chungu, ile ya rangi ya shaba, vita havikuisha. Pua aliitaka na kuku wa pilipili. Dada alisema uchungu unaichochea pilipili badala ya kuituliza, na bila kumwambia mtu akaanza kumpaka kuku asali. Wateja wakasifu bia, Pua akavimba kichwa, Dada akanyamaza na kucheka na sufuria zake. Bia nyeusi, ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, ilitolewa mwishoni na keki ya chokoleti. Watu waliguna walipoambiwa, kisha wakaonja, kisha wakaomba kipande kingine.

Basi mambo yalikuwa hivyo, mpaka fundi saa alipoikataa bia yake.

Fundi saa ana kibanda upande wa pili wa barabara, anafunga mapema kwa sababu ya macho, na kila jioni yeye ndiye mteja wa kwanza. Jioni hiyo alionja bia ya ngano, akaisukuma mbele kidogo kwa kidole kimoja, akamwambia mke wa Pua kwa upole kwamba inanuka hospitali. Siku iliyofuata akasema vilevile. Siku ya tatu wakasema hivyo watu wa meza mbili za mwanzo. Cha ajabu, waliofika baadaye, ukumbi ulipojaa, walikunywa bia hiyohiyo ya tangi hilohilo na kuisifia.

Mpika bia akiambiwa bia yake inanuka dawa, usingizi humpaa. Harufu hiyo ina maana yake: ama maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, au kuna chachu ya porini iliyojipenyeza kwenye tangi. Pua alichemsha mipira yote ya kupitishia bia. Alibadilisha chujio la maji. Alisugua tangi kwa mikono yake mpaka vidole vikajikunja. Kisha akachukua kikombe chake cha kioo, kile kinene chenye mkono kinachoning'inia kwenye msumari kando ya tangi, akafungulia bia, akanusa. Ndizi. Karafuu. Hakuna hospitali wala zahanati.

Kama tangi ni safi na bia inafika mezani imechafuka, Pua alisema, basi huu ni mkono wa mtu.

Kumshuku mtu haikuwa kazi ngeni kwake. Alikwisha kumshuku muuza kimea kwamba analowesha magunia ili yawe mazito. Alikwisha kuwashuku wahudumu kwamba wanaondoka na glasi zake nzuri za shingo nyembamba, ndiyo maana hivi karibuni aliziondoa kwenye rafu ya wazi, akazifungia ndani ya kabati la zamani ukumbini, na ufunguo akauvaa shingoni. Mimi mwenyewe nilishukiwa, kwa sababu niliuliza maswali na sikuwa na kazi inayoeleweka. Kwa siku kadhaa alikuwa akinikaribisha kwa maneno na kunikagua kwa macho. Sasa alianza na fundi saa. Mtu gani anawahi hivyo kila siku? Nani anamtuma? Alimfuata mpaka kibandani kwa kisingizio cha saa ya ukutani, akarudi na saa iliyotengenezwa vizuri na hasira ileile.

Ndipo macho yake yakageukia jikoni.

Hoja yake ilikuwa na mantiki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Wanaolalamika ni wa mwanzo. Wa mwanzo wanakula samaki. Samaki anatoka kwa Dada. Kwa hiyo kuna kitu jikoni, mafuta au moshi au sabuni, au kitu kingine ambacho hakukitaja, kinachoiua bia ya ngano. Alianza kupita jikoni bila sababu, kufunua mifuniko, kunusa vitambaa vya kufutia. Siku moja Dada alimkuta ameinama ndani ya sinki. Akamuuliza kama amepoteza kitu. Akajibu kwamba anapita tu.

Dada naye hakuwa na roho nyeupe. Aliliangalia jambo lote kwa jicho lake na kuona kingine kabisa: mke wa Pua ana mdogo wake aliyesomea upishi na anayetafuta kazi. Si bure, alisema. Kwanza wanasema samaki anaharibu bia, kesho watasema mpishi amechoka, keshokutwa mdogo mtu yuko jikoni na aproni mpya. Alisema hayo kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta. Wifi yake akasikia, na toka hapo wawili hao wakawa wanaongea kupitia kwa wahudumu: mwambie wa jikoni meza ya dirishani wanataka viazi, mwambie wa kaunta viazi havikaangwi kwa maneno.

Dada alipotafuta kazi kwingine, hakuficha. Shule moja ya bweni ilikuwa inamtaka, na ilitaka kusikia jibu lake Jumatatu. Maisha yake yote ya upishi yalikuwa katika jiko lile, na nusu ya nyumba ilikuwa yake, lakini alisema afadhali kupikia watoto mia tano wali mkavu kuliko kupika huku ndugu yako anakunusa mgongo.

Pua aliposikia, badala ya kulegea, alikaza. Mtu asiye na hatia, alimwambia mkewe, kwa nini akimbie? Akatangaza kwamba Jumapili, kabla hawajafungua, watafanya jaribio. Ikionekana bia inaharibikia jikoni, jiko litapata mtu mwingine.

Jaribio lenyewe ni la kawaida kwa watu wa kazi hiyo. Unawekewa glasi tatu. Mbili ni sawa, moja ni tofauti, na kazi yako ni kuitambua iliyo tofauti. Pua aliwafundisha wote mchezo huo na hakuwahi kushindwa. Jumapili alifungua kabati, akatoa glasi tatu kavu, akampa mkewe, kisha akaketi ameupa ukumbi mgongo. Mkewe alijaza zote tatu bia ya ngano kutoka tangi moja. Mbili zikabaki kaunta, zimefunikwa kwa visahani. Moja ikapelekwa jikoni, ikakaa karibu na jiko huku Dada akichoma samaki, mpaka samaki akaiva. Halafu mke akazipanga zote mezani kwa mpangilio anaoujua yeye peke yake. Dada alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mimi niliombwa nikae kama shahidi, nadhani kwa sababu bado nilishukiwa na walitaka niwe mahali nionekane.

Pua alifumba macho, akainua glasi ya kwanza, akanusa, akaiweka chini kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Hii ndiyo iliyotoka jikoni."

Akainua ya pili. Mdomo wake ukakunjika.

"Na hii pia."

"Iliyokwenda jikoni ni moja," mkewe akasema. "Wewe mwenyewe ulisema moja tu."

Akaivamia ya tatu, akaingiza pua mpaka povu likamgusa, akafumbua macho.

"Mmenichezea. Mmekaa mkapanga."

"Nipange na nani?" Dada akauliza. "Mimi na mkeo hatujasalimiana tangu Jumatano."

Hilo lilimzuia kidogo, maana alijua ni kweli. Akatoka hadi kwenye tangi, akafungulia bia katika kikombe chake, akanusa, akarudi nacho mbiombio akimsogezea dada yake puani bila neno. Dada akanusa. Akasema hiyo ni safi. Pua akaenda kabatini, akatoa glasi nyingine kavu, akaimiminia bia ileile kutoka kwenye kikombe, akanusa. Nilimwona usoni. Alikuwa amekosa mtu wa kumtazama vibaya.

Dada aliliendea kabati lililokuwa wazi. Alichukua glasi tupu na kuiinamia kama mtu anayenusa ua, akakaa hivyo kwa muda. Aliponyanyuka macho yake yalikuwa yamelainika, na kwa sekunde moja nilidhani atalia.

"Haya ni mablanketi ya mama," akasema.

Kabati lile lilikuwa la mama yao. Maisha yake yote aliweka humo mablanketi ya msimu wa baridi pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu wanaokula nguo. Mablanketi yaligawanywa zamani, vidonge vilikwisha kuyeyuka, lakini mbao zilikuwa zimeshiba harufu. Na Pua, ili vumbi lisiingie, alizipanga glasi kifudifudi juu ya mbao hizo. Usiku kucha zilifunga midomo juu ya harufu ile. Jioni zilitolewa kavu, kwa amri yake, kwa sababu aliamini mhudumu anayelowesha glasi anamwibia mteja povu. Zikamfikia fundi saa kwanza. Zikishatumika na kuoshwa, harufu iliondoka, na mteja wa saa mbili akasifia.

Nilijiuliza mtu mwenye pua kama ile aliwezaje kulifungua kabati kila siku asinuse kitu. Dada alinieleza baadaye, akimenya vitunguu. Walilala chini ya mablanketi yale utoto wao wote. Kwa Pua, ndani ya kabati harufu ile haikuwa harufu, ilikuwa nyumbani. Ndani ya bia ndipo ilipokuwa mgeni, na mgeni lazima ashukiwe.

Lakini pale mezani hakukuwa na falsafa. Mke wa Pua ndiye aliyeanza kucheka, akijizuia kwa mkono. Pua akauliza kwa ukali ni nani aliyezipanga glasi kifudifudi.

"Wewe," mkewe na Dada wakajibu kwa pamoja, na hilo lilikuwa neno lao la kwanza la maelewano tangu Jumatano.

"Na ufunguo anao nani, mdogo wangu?" Dada akaongeza.

Pua aliutazama ufunguo shingoni mwake kana kwamba umewekwa na mtu. Hakuomba radhi. Alizichukua glasi zote, kwa mafungu, akazipeleka kwenye sinki la jikoni, akaanza kuziosha mwenyewe, na sinki lile liko pembeni kabisa ya jiko, kiasi kwamba dada yake alilazimika kumzunguka kila alipotaka chumvi. Aliosha mpaka mikono ikawa myeupe. Alipofika glasi za mwisho alisema, akiyaambia maji, kwamba shule za bweni zina majiko mabovu, moshi mtupu, na kwamba mtu akiharibu pua yake hairudi.

Dada alichukua simu, akaenda kusimama karibu na dirisha. Pua akafunga bomba ili asikie. Alimsikia dada yake akimshukuru mtu, akimwambia kwamba hatakuja, kwamba kuna jambo la nyumbani. Aliporudi alimkuta mdogo wake anatabasamu, akamnyooshea mwiko.

"Usifurahi. Nimekataa kwa sababu kule hawana bia ya kupikia nyama. Na siku utakayofunua tena sufuria yangu bila kuniuliza, nitawapigia wao kwanza, kisha nitakuaga."

"Sawa, dada."

"Na mdogo wake mkeo?"

"Yupi? Yule aliyeunguza chai nyumbani kwetu?"

Kutoka kaunta mkewe akasema kwamba anasikia. Dada akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile bila kujificha.

Samaki wa jaribio alikuwa bado mzima kwenye sahani, amepoa, ngozi ingali inang'aa limau. Dada akampasua katikati, akampa ndugu yake nusu. Pua akavuta kigoda, akakaa pale jikoni ambapo kwa wiki mbili alikuwa akipita tu, akaitazama sahani, akamtazama dada yake. Miaka yote Pua ndiye aliyekuwa akimwambia Dada kipi kiende na kipi. Sasa akamuuliza dada yake, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuuliza, angemwekea bia gani na samaki aliyepoa.

"Leo utakula na maji," Dada akasema, akamsogezea glasi.

Pua akaishika, akaipeleka puani kwanza, kisha akanywa.