Nane Mbili Kwenye Waya Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kutoka getini. Nilikuwa nimevaa tai ya marehemu baba na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, nikidhani mtu mwenye diploma ya umeme hana budi kuonekana hivyo. Chef d'atelier, yaani mkuu wa karakana, aliniangalia kuanzia miguuni.

“Weye unakuja ku mariage ao ku kazi?” aliniuliza, kana kwamba naenda harusini. “Rudia ku nyumba, uvae viatu ya mutu mwenye anatumikaka.”

Nikarudi mtaani kwetu Nyalukemba, hapa Bukavu, kwa miguu, nikaazima buti za mjomba zilizonipwaya, na saa nne nilikuwa ndani ya kiwanda cha sabuni nikiwa nimechelewa siku ya kwanza. Harufu ya mawese yaliyochemka iliniingia puani asubuhi ile na haikutoka tena mpaka nilipostaafu. Mke wangu alikuwa akisema angeweza kunitambua gizani.

Ninyi vijana mnaofungua mashine kwa simu hamwezi kujua karakana ya wakati ule ilivyokuwa. Kila pampu ilikuwa na waya wake, kila valvu na waya wake, na zote zilifika kwenye kabati moja lililojaa relei, zile swichi ndogo zinazojivuta zenyewe umeme unapopita. Zilikuwa zinalia tak, tak, tak, kutwa nzima. Chef d'atelier alikuwa akisimama mlangoni akiwa amefumba macho, kisha anasema, “Ya tatu toka chini imechoka,” na tukiifungua tunakuta kweli imechoka. Naikumbuka sana sauti ile. Mashine za leo ni bora, nakubali, lakini hazisemi na mtu.

Nilipokuwa na miaka kama kumi kazini, akaja mhandisi kutoka Lubumbashi. Tulimwita Ingénieur tu, kwa sababu hakupenda jina lingine. Alikuja na masanduku mawili na bunda la waya wa zambarau. Ndani ya waya ule mlikuwa na nyuzi mbili, nyekundu na kijani, basi. Akatuambia kwamba nyuzi hizo mbili zitachukua kazi ya nyaya zote zilizojaa kabatini. Tukacheka. Mafundi wa Bukavu tumeshaona wageni wengi wenye masanduku.

Lakini alifanya alivyosema. Kila mashine aliiwekea moduli ya mawasiliano, kisanduku cha ukubwa wa Agano Jipya la mfukoni. Kazi yake ni ukalimani. Pampu haijui lugha ya automate, ile kompyuta kuu inayotoa amri, na automate haijui lugha ya pampu. Moduli inakaa katikati, inasikiliza huku na kujibu kule. Na kwa kuwa wote wanatumia waya mmoja, kila moduli lazima iwe na anwani yake, namba isiyofanana na ya mwingine, ili ikiitwa ijue ni yenyewe. Namba hiyo tuliipanga kwa bisibisi nyembamba, kwenye vigurudumu viwili vidogo vilivyo usoni mwa moduli. Pampu ya sabuni ya moto ilikuwa saba. Valvu ya mvuke ilikuwa nane.

Kulikuwa na siri moja ambayo Ingénieur aliniambia mara nyingi mpaka nikaiota. “Module inasomaka adresse yake wakati inaamuka tu,” alisema. “Ukizungusha wakati iko inatumika, haitakuambia kitu. Itangojea mupaka courant ikatike, irudi. Pale ndio itakuonyesha ujinga yako.” Courant ni umeme.

Alikaa nasi miezi kadhaa. Alinifundisha kufunga kinga ya waya vizuri ili mota zisiuchafulie maneno yake, na kuweka kizuio kwenye ncha mbili za mtandao, kwani maneno yasipozuiwa mwishoni hurudi nyuma na kuvuruga mengine. Alipoondoka nikabaki mimi peke yangu mwenye kufungua yale makabati. Watu wakaacha jina langu la Bisimwa, wakaanza kuniita Papa Module, yaani baba wa moduli. Nilijifanya sipendi.

Chumbani mwa usimamizi, mbele ya kioo kinachoonyesha mashine zote, alikaa Maman Furaha. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, mtu wa maneno machache, na aliweza kujua sabuni imeiva kwa kuangalia mshale wa joto tu. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi bila ugomvi. Mchana tuligawana mihogo ya kuchemsha, yeye akileta na mimi nikila.

Sasa nifike penye kosa langu.

Ijumaa moja Directeur technique, mkurugenzi wetu wa ufundi, alileta wageni kutoka makao makuu ya kampuni Kinshasa, mabwana watatu na bibi mmoja wenye kofia nyeupe za usalama. Akanitambulisha mbele yao kwa maneno matamu kuliko niliyozoea. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikafungua kabati, mashine zikiwa zinafanya kazi, nikaamua kuwaonyesha maajabu. Nikachukua bisibisi, nikazungusha gurudumu la moduli ya saba mpaka nane.

“Munaona?” nikawaambia. “Pompe iko inaendelea tu. Ingali inajua iko saba. Hapa Bukavu nasi tunajua hii mambo.”

Yule bibi akaniuliza swali zuri, nami nikajibu kwa kirefu. Kabla sijamaliza, mtu akaja mbio kuniambia bomba la mvuke linavuja upande wa pili. Nikafunga kabati nikakimbia. Gurudumu likabaki kwenye nane.

Kwa kawaida umeme wetu ungekatika jioni ile ile, na kosa lingeonekana wageni wakiwa bado getini. Lakini siku tatu mfululizo umeme haukukatika hata dakika moja. Tukashangaa, watu wakasema Mungu amekumbuka Kivu. Mimi nami nilishukuru.

Jumatatu saa tano asubuhi ukakatika. Jenereta likaingia, automate ikaamka, moduli zikaamka, na mbili zikajibu kwa pamoja kwamba ndizo nane. Automate haikuweza kuelewa mtandao wake. Kwa usalama ikasimamisha kila kitu: pampu, mvuke, vichanganyio. Maman Furaha alifuata utaratibu wote wa kuanzisha upya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Sabuni ya moto ilikuwa imejaa ndani ya mabomba, na mnajua sabuni ikipoa inakuwa nini. Ilitubidi baadaye tukate mabomba kwa msumeno na kuitoa kwa nyundo, siku tano.

Nilipofungua kabati na kuona nane mbili, nilikumbuka bisibisi ya Ijumaa. Nilijua papo hapo, hapakuwa na la kutafuta. Nikarudisha saba, nikakata umeme wa kabati, nikaurudisha. Taa nyekundu zikazimika, za kijani zikawaka moja baada ya nyingine. Nyuma yangu watu wakapiga makofi. Directeur technique akaniwekea mkono begani.

“Ulikuta nini?” akauliza.

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Chef d'atelier akatangulia. Alikuwa amezeeka, na mashine hizi hakuzipenda. “Ni ule maman,” alisema. “Alifinya bouton ya mbaya wakati courant inarudia. Bisimwa amesawazisha.”

Nami nikanyamaza. Naliandika hili waziwazi ili mjue. Sikudanganya kwa neno. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kulitosha.

Maman Furaha akatolewa chumba cha usimamizi, akapelekwa kufunga sabuni kwenye makatoni huku akisubiri barua yake. Alikataa kwamba alikosea, lakini hakuwa na ushahidi, na mwenye ushahidi alikuwa mimi. Wiki ile ile nikaambiwa nitakuwa mkuu wa otomasheni, cheo kilichoundwa kwa ajili yangu. Nilipita mbele yake kila mchana. Aliendelea kuniletea mihogo. Hilo ndilo lililoniua, kwamba aliendelea kunipa akidhani mimi ndiye rafiki yake pekee aliyebaki mle ndani.

Siku ya kumi na moja nikasikia barua imeshachapwa, inangoja sahihi tu. Nikaenda ofisini kwa Directeur technique, nikamweleza yote, tangu wageni hadi bisibisi. Alinisikiliza akigeuza kalamu.

“Rapport ilishafika Kinshasa,” alisema mwishowe. “Nitawaambia nini? Ati module iliharibishwa na mutu mwenye niliwaonyesha kuwa ndiye mukubwa ya bafundi? Yule maman tutamutafutia kazi fasi ingine. Weye nyamaza, uchunge cheo yako.”

Nilitoka mle nikiwa nimepewa ruhusa ya kunyamaza, na ruhusa ile ilikuwa nzito kuliko adhabu. Nikalala bila kula. Kesho yake, kwenye mkutano wa asubuhi ambapo wafanyakazi wote husimama uani kugawiwa kazi, nikaomba neno. Nikasema ni mimi niliyezungusha gurudumu, Ijumaa, kwa kujionyesha, na kwamba Maman Furaha hakufinya kitufe kibaya. Watu mia moja na zaidi walikuwa pale.

Yeye alikuwa nyuma, akiwa na aproni yake ya kufungia makatoni. Alinijia taratibu watu wakimpisha.

“Siku kumi na moja, Papa Bisimwa,” alisema. “Batoto yangu bananiulizaka kila jioni: maman, ulivunja nini? Na miye nakosa ya kujibu.”

Akageuka, akarudi kwenye makatoni yake.

Alirudishwa kwenye kiti chake juma lile. Mimi cheo kikaniponyoka, na nikapelekwa Kamanyola, kwenye kituo chetu cha kupokea mawese, ambako kuna matangi sita, joto na mbu. Nilikaa huko miaka minne. Nilisema ni adhabu, lakini sasa nikikumbuka naona ilikuwa miaka mizuri. Jioni upepo wa bondeni ulikuja, madereva walitupa habari za barabara, na mtandao wangu mdogo wa moduli tano haukuniangusha hata mara moja. Huko ndiko nilikobuni desturi inayofuatwa kiwandani hadi leo: ukigusa moduli, hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi, huondoki mpaka umekata umeme wa kabati mwenyewe na kuurudisha, mwenye kuendesha mashine akiwa amesimama kando yako anaona. Kisha ninyi wawili mnatia sahihi kwenye daftari. Vijana wanasema huo ni upotezaji wa wakati. Nawaachia waseme.

Niliporudi Bukavu nilifanya kazi tena chini ya macho ya Maman Furaha, safari hii yeye akiwa mkuu wa chumba cha usimamizi. Tulisalimiana, tulisaini daftari, tulizungumza mashine. Mihogo hakuleta tena. Sikuwahi kudai.

Sasa nimestaafu, na watu huniuliza ninakosa nini. Nakosa zile taa za kijani zikiwaka kwa zamu, nakosa kelele za mota, nakosa hata kuitwa Papa Module. Kazi ya mawasiliano ya mashine ni nzuri sana, kwa sababu inakulazimisha kuwa mkweli: moduli haiwezi kujifanya nyingine bila kuangusha mtandao mzima. Ningependa kusema nilijifunza hilo kwenye kitabu.

Siku ya kuniaga walipanga viti kantini, wakanipa saa ya ukutani. Directeur mpya, ambaye hakuwahi kuniona nikishika bisibisi, alisoma karatasi akisema kwamba katika utumishi wangu wote sikukosa kazi hata siku moja. Kisha akamwomba Maman Furaha aseme neno. Alisimama, nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu.

“Directeur amesema Papa Bisimwa hakukosaka hata siku moja,” alisema. “Miye najua siku kumi na moja zenye alikosa. Lakini ya kumi na mbili alikuja, mbele ya batu yote, na hakuna mutu alimusukuma. Tangu miaka hii yote sikumuambia aksanti. Namuambia leo.”

Akainama chini ya meza, akatoa sahani iliyofunikwa, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa bado ya moto. Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili mfukoni, juu ya mitandao na maendeleo ya viwanda. Sikuisoma. Nilikula mihogo ile mbele ya wafanyakazi wote, nikilia, na hakuna aliyeniambia niache.